Begi la Mtoto Katika Ziara ya Lamu

Likizo ya Agosti inapokaribia, madrasa na shule zetu nyingi za Mombasa, Kwale na Kilifi huanza kuandikisha majina ya watoto watakaokwenda ziara. Wapo watakaoishia Fort Jesus na kurejea makwao kabla ya magharibi. Wapo watakaofika Gede, penye magofu ya mji wa Waswahili ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024. Lakini ziara inayosubiriwa kwa hamu kubwa, na ambayo wazazi huichangia kidogo kidogo kwa miezi, ni ile ya Lamu: siku tatu, mausiku mawili, na kwa watoto wengi ndiyo mara ya kwanza kulala mbali na mama zao.

Barua ya idhini ikishatiwa saini, sanduku hushushwa kutoka juu ya kabati. Ni hapo, ndugu wasomaji, na hasa mama zetu ambao kazi hii huwaangukia, ninapoomba ruhusa ya kusema nanyi. Nimefuatana na misafara ya watoto kwenda Lamu mara kadhaa, nami nimeona kwamba mji ule una sharti lake kuhusu mizigo, na sharti hilo halimchagui tajiri wala maskini.

Tazameni njia yenyewe. Basi huondoka Mombasa alfajiri, kwa kuwa shule haziruhusiwi kusafirisha wanafunzi usiku. Hupita Kilifi juu ya daraja lililofunguliwa mwaka 1991, ambapo wazee wetu walikuwa wakingoja feri. Hufika Malindi, huvuka mto Sabaki, kisha hukata nyika hadi Garsen na kuuvuka mto Tana. Baada ya hapo ni Gamba, Witu, vizuizi vya askari ambapo watu wazima huonyesha vitambulisho, na mwisho Mokowe. Ni safari ya zaidi ya kilomita 300. Pale Mokowe barabara hukatika. Basi lililobeba kila kitu bila kulalamika hubaki bara, na tangu hapo hakuna njia ya kusogeza mzigo ila mashua, punda, au bega la mwenyewe.

Asubuhi ile mtoto aliinuliwa sanduku na baba yake likatiwa kwenye buti la basi. Sasa baba hayupo. Yupo mtoto, lipo sanduku, na ipo ngazi ya gati.

Ngazi ile wenye kuijua wanaijua. Maji yakijaa, mashua hukaa karibu na mtu huingia kwa hatua moja. Maji yakipwa, hasa nyakati za bamvua, mashua huwa chini kabisa, vidato vya mwisho vina utelezi wa mwani, na chombo kinapanda na kushuka. Nahodha hunyoosha mkono. Mtoto naye anatakiwa awe na mkono wa kumpa. Mwenye sanduku mkono wa kulia na mfuko wa chakula mkono wa kushoto hana mkono wa kumpa mtu, basi mwalimu humpokea mzigo. Hebu tufanye hesabu ndogo. Watoto 30, walimu wanne, mikono minane. Kila mkono wa mwalimu ulioshika sanduku ni mkono ambao haumshiki mtoto. Kwangu mimi suala lote la kufunga begi limo katika hesabu hii, wala si suala la unadhifu wala la kujionyesha. Mzigo tunaouzidisha nyumbani kwa mapenzi huja kulipiwa pale gatini, na mara nyingi anayelipa ni mtoto wa mtu mwingine, yule mdogo aliyesimama nyuma akingoja kushikwa.

Mashua huchukua kama robo saa hadi nusu saa kufika Lamu. Huko nako msidhani taabu imekwisha. Mji wa Lamu, ulioingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2001, umejengwa kwa mawe ya matumbawe, na vichochoro vyake vilipimwa kwa ajili ya watu na punda. Kuanzia Mkomani hadi Langoni njia ni nyembamba, ina mifereji, na punda hupita wamebeba mchanga na mawe. Ukisikia mwenye punda anapaza sauti, unajibana ukutani mpaka wapite. Sanduku la magurudumu, ambalo katika kiwanja cha ndege ni rehema, huko ni balaa. Magurudumu hukwama katika mfereji, na kinachokusanywa chini yake sina haja ya kukitaja. Kisha watoto mara nyingi hulazwa katika madarasa au nyumba za ghorofa zenye ngazi za kupinda, zilizo nyembamba hata watu wawili hawapishani.

Kwa hiyo begi liwe moja, la kuvaliwa mgongoni, lenye kamba mbili pana. Wataalamu wa afya ya watoto husema mzigo wa mgongoni usizidi sehemu ya kumi ya uzito wa mtoto, au zaidi ya hapo kidogo. Mtoto wa kilo 30 basi abebe kilo tatu au nne. Ikiwa hamna mzani, zitoeni pakiti mbili za unga wa kilo mbili mbili jikoni. Huo ndio mpaka.

Mama mmoja aliwahi kuniuliza, "Sheikh, siku tatu kwa kilo nne, mwanangu atavaa nini?" Atavaa alichovaa, na atakuwa na jozi mbili nyingine. Kinachojaza masanduku yetu si mavazi ya haja bali ni mavazi ya picha: kanzu ya kufikia, kanzu ya kuzurulia, kanzu ya kurudia, kama kwamba ni Idi tatu kwa mfuatano. Viatu vipya ndivyo vibaya kuliko vyote. Siku ya kwanza huuma, siku ya pili hutoa malengelenge, na siku ya tatu mtoto anapelekwa kuiona Ngome, ile iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 19 baada ya vita vya Shela na baadaye ikafanywa jela, naye haoni kitu ila kisigino chake. Mpeni ndara au makubadhi aliyokwisha kuyazoea, yanayovulika upesi mlangoni mwa msikiti, na kiatu kimoja cha kufunga kwa ajili ya matembezi.

Sasa nije kwenye leso. Sijui kitu kilichoumbwa kwa ajili ya msafiri kuliko leso, na nashangaa kuona mama wa Pwani akimfungia binti yake taulo zito, shuka la kitanda na blanketi, ilhali kabatini ana leso kumi. Jozi moja ya leso ina pande mbili. Upande mmoja ni shuka la usiku. Mwingine hukauka kwa nusu saa tu ukiuanika penye upepo, basi huo ndio taulo. Wasichana wakitaka kubadili nguo ndani ya darasa lisilo na pazia, wawili hushika ncha na wa tatu anastirika. Jua likizidi mashuani, hujitanda. Mtoto akiteguka mkono, hufungwa leso shingoni mpaka afikishwe zahanati. Ukikosekana mswala, ipo. Na begi likikatika kamba, mzigo wote hufungwa furushi ukabebwa. Kwa mtoto wa kiume, kikoi hufanya karibu kazi zote hizo. Wazee wetu waliosafiri kwa majahazi walibeba fumba la kulalia na kikapu cha chakula, wakaenda nalo pepo za kusi na kaskazi. Hawakuwa na uwezo mdogo wa kupenda watoto wao kuliko sisi.

Agosti, tukumbuke, ni msimu wa kusi. Upepo husukuma marasharasha ya maji ya chumvi mpaka ndani ya mashua, na waliokaa upande wa upepo hushuka wamelowa. Zamani tungesema kila kitu kitiwe katika mfuko wa plastiki, lakini mifuko ile imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na ni vyema iwe hivyo, kwani bahari ilikuwa imeshiba. Msahafu mdogo, karatasi na dawa za vidonge vitiwe katika kibakuli cha plastiki chenye kifuniko cha kubana, kile kile cha kuwekea chakula. Nguo zikunjwe ndani ya upande wa leso kabla ya kutiwa begini. Hata begi likipata maji, kilichomo ndani kitakuwa na ganda la pili.

Pamoja na begi la mgongoni, mtoto awe na mkoba mdogo wa kukaa nao mapajani, usiotoka kwake kuanzia anapoaga mpaka anaporudi. Nitaeleza kwa nini nalisisitiza jambo hili kuliko mengine.

Katika safari moja niliyokuwamo, tulipokuwa tumekaribia Witu, msichana wa miaka 11 alianza kukohoa. Maalima wake alidhani ni vumbi. Muda si muda mabega yake yalianza kupanda na kushuka, na midomo ikabadilika rangi. Ilikuwa pumu. Basi lilisimamishwa. Maalima akampigia simu mama yake: "Dadangu, dawa yake umeiweka wapi?" Mama akajibu kwa utulivu, kwa kuwa hakuiona hali: "Nimeifunga vizuri ndani ya taulo, chini kabisa ya sanduku, isije ikavunjika." Sanduku lilikuwa ndani ya buti, na juu yake mabegi ya watoto wote. Vijana wakubwa, dereva na mimi tukaanza kuyatoa na kuyapanga kandokando ya barabara, moja baada ya jingine, na watoto wengine wamekaa ndani kimya, kimya ambacho sijakisikia kwa watoto tangu siku ile. Sikuangalia saa. Inhela, kile kipampu cha kuvutia dawa, kilipatikana kizima, hakina hata mkwaruzo, na msichana akavuta, akapumua. Alhamdulillahi. Yule mama alikifunga kwa uangalifu ambao wengi wetu hatuna, ila aliwaza usalama wa dawa badala ya usalama wa mwenye dawa.

Basi katika mkoba wa mapajani na viwemo hivi: dawa ya dharura ikiwa mtoto anayo, chupa ya maji, kitambaa, kipande cha ndimu au tangawizi kwa anayetapika garini, na karatasi yenye jina lake na namba mbili za simu, ya mzazi na ya jamaa mwingine. Mtoto asitegemewe kukumbuka namba. Akiogopa husahau hata jina la mtaa wao.

Dawa nyingine za kila siku zipewe maalima mkononi, zikiwa ndani ya bahasha iliyoandikwa jina, kipimo na saa. Hapa nitasema jambo linalotuumiza sisi watu wa Pwani: tunaficha. Mtoto ana kifafa, haisemwi, kwa kuwa jamaa watasikia na kesho atakuja kuposwa. Mtoto ana ugonjwa wa siko seli, ambao kwetu si mgeni. Mwalimu haambiwi, naye humwacha akimbie juani mchana mzima bila maji na kuoga maji baridi jioni, mambo ambayo humwamshia maumivu makali. Siri ya mtoto si haki ya mtaa mzima, nakubali. Lakini mwalimu aliyekabidhiwa roho yake kwa siku tatu si mtaa. Mwiteni kando, mwambieni, na mwombeni astiri.

Yumo pia katika kundi hili yule anayekojoa kitandani. Wapo wengi kuliko wanavyodhani, na wengine hukatazwa ziara kwa sababu hiyo tu, wakabaki nyumbani wakidanganya wenzao kwamba wana homa. Msimkatalie. Mwongezeeni leso moja na kaptura mbili, msimpe vinywaji vingi baada ya isha, na mnong'oneze maalima amwamshe usiku wa manane na tena kabla ya wenzake kuamka. Mtoto atarudi amelala Lamu kama wengine.

Na mabinti. Najua haya ni maneno ambayo mama wangependa kuyasema wenyewe, na wao ndio wanaostahiki kuyasema, lakini wengine hawayasemi. Msichana wa miaka 10 na kuendelea apewe pedi katika mkoba wake, hata kama hajaanza, pamoja na nguo ya ndani ya akiba na kitambaa cheusi cha kufungia. Nimewasomesha mabinti wanaoweza kusoma mlango wa hedhi katika Safina kwa moyo, kuanzia kipimo chake kichache hadi kingi, lakini hawajawahi kuonyeshwa na mtu jinsi pedi inavyovaliwa. Kikimfika jambo lile ndani ya basi, au amesimama mbele ya Msikiti wa Riyadha na wenzake wanavua viatu kuingia, elimu ya kitabu haitamsaidia kwa dakika ile. Atamhitaji maalima na atahitaji mkoba wake. Walimu wanaume nasi tuwe na adabu: msichana akisema leo nitangoja nje, aambiwe vyema na apewe mwenzake wa kukaa naye. Asiulizwe sababu.

Katika chakula sitakawia. Wanazuoni wanatusimulia, kwa riwaya ya Ibn Abbas, kwamba aya ya kuchukua masurufu iliteremka kwa ajili ya watu wa Yemen waliokwenda hija mikono mitupu wakidai wanamtegemea Mwenyezi Mungu, kisha wakifika Makka wakaombaomba. Kuchukua chakula basi ni katika kutegemea, si kinyume chake. Lakini masurufu si sherehe. Biriani iliyotiwa katika chombo alfajiri, ikakaa ndani ya basi lenye joto mpaka Garsen, ni sumu yenye harufu nzuri. Mfungieni mtoto mahamri au chapati za siku ya kwanza, tende, njugu, na matunda ya kumenywa. Tende chache zaidi zibaki chini ya begi zisiguswe. Mwishoni mwa mwaka 2023 maji ya mafuriko yaliikata barabara ya Lamu pale Lango la Simba, na abiria wakakwama. Njia ile ni ya nyika, na si kila penye watu pana duka.

Ibada haihitaji mzigo wowote, na huo ni ukarimu wa dini yetu. Misikiti ya Lamu imejaa mazulia, hivyo mswala haupaswi kubebwa na kila mtoto. Masafa yanatosha na ziada kwa kupunguza na kukusanya sala kwa madhehebu yetu ya Shafi, na kwa kuwa ukaaji haufiki siku nne kamili, rukhsa inabaki hadi watoto wanaporudi. Watoto wafunzwe jambo hili nyumbani kabla ya safari, maana nimewaona wengine wakibishana na maalimu njiani kwamba adhuhuri ya rakaa mbili haijapata kusikika.

Kuhusu fedha, shule nyingi huweka kikomo, nami naona wazazi wangekiheshimu. Mtoto mwenye 3,000 akiketi na mwenye 100, wote wawili huharibikiwa na ziara. Shilingi 500 zamtosha mtoto kununua mabuyu, achari na kipande cha halua. Kofia ya Lamu iliyodariziwa kwa mkono hushonwa kwa wiki nyingi, na bei yake ni ya bwana harusi, si ya mwanafunzi. Simu ibaki nyumbani. Ya mwalimu yatosha.

Usiku wa kuamkia safari, fanyeni jaribio moja. Mwacheni mtoto afunge begi lake mwenyewe kwa kusomewa orodha, kwani asiyejua kilichomo begini hatajua pia kilichopotea. Kisha alivae, apande ngazi za nyumba yenu au za jirani, ashuke, mkono mmoja umeshika ukuta na mwingine hauna kitu. Akipumzika katikati, fungueni mtoe vitu viwili, arudie. Robo ya begi ibaki wazi, kwa sababu nguo chafu hukunjwa ovyo na halua inahitaji pahala pa kukaa wima. Na siku ya kurudi, msikimbilie kumkumbatia mtoto mkaondoka. Ile bahasha ya dawa idaini kwa maalima kabla basi halijaondoka, maana maalima naye amechoka, na Jumatatu mtoto ataihitaji.